Uso Ugeukie Wapi

Ukuta wenyewe una urefu wa hatua kumi na tisa. Niliupima kwa miguu yangu nikingoja mvua iishe, kutoka kona ya kinyozi hadi pale mwenye ploti alipoweka geti la bluu. Ni ukuta wa mawe uliopigwa plasta mwaka jana, na tangu hapo umebandikwa kila kitu: mikutano ya injili, nambari za simu za wanaorudisha wapenzi waliotoroka, nambari za wanaozibua vyoo, nyuso za wanasiasa zilizochanwa nusu. Uko Uthiru, kando ya Naivasha Road, mahali ambapo matatu za kutoka Kawangware hupunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Abiria wa dirishani ana kama sekunde kumi. Hilo ndilo jambo la kwanza Fundi aliloniambia kuhusu kazi yake: mchoro wa barabarani hupimwa kwa matuta.

Vijana wa mtaa walikuwa wamechanga pesa za rangi. Walitaka ukuta uwakumbuke waliouawa Juni 2024, wakati vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia Bunge na risasi zikalia. Mwenye ploti alikubali kwa sharti moja. Choreni mnachotaka, alisema, sura ya mtu msichore. Hakutaja sababu, na hakuna aliyemwuliza.

Tulikuwa sita bandani kwa Fundi, stima imepotea, mvua inapiga mabati. Fundi mwenyewe, ambaye nusu ya ng'ombe wanaotabasamu kwenye buchari za huku amewachora yeye. Mwalimu, mstaafu wa Kiswahili na fasihi, mtu asiyeweza kusikia jambo bila kuuliza lilitokea mwaka gani. Msichana wa chuo aliyeshika pesa za mchango. Papa, mshonaji kutoka Lubumbashi mwenye cherehani mlango wa tatu, anayeitwa Papa kwa sababu ndivyo Wakongo wanavyoitana, na kwa sababu jina lake la kweli watu wa hapa hulivunjavunja. Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, aliyekuja kuchukua kibao cha kuuzia maziwa alichoagiza, akaona mvua, akakaa. Na mimi. Majina mengine nimeyaacha kwa wenyewe, na Kiswahili cha Papa cha Katanga nimekinyoosha kidogo, si sana.

FUNDI: Sharti hilo halinikoseshi usingizi. Sura ni kazi, na sura ya marehemu ni kazi mara mbili. Ukikosea pua, mamake atapita hapa kila asubuhi akimwona mtoto wa wenyewe. Solo 7 kule Kibera, zile siku za ghasia za uchaguzi, hakuhangaika na sura. Alishika brashi akaandika maneno ya kuomba amani, ukutani, kwenye mabati, chini barabarani, palepale watu walipokuwa wakifukuzana. Mtu akipita na panga anayasoma, apende asipende.

MSICHANA: Anayasoma, halafu?

FUNDI: Halafu ameyasoma.

MSICHANA: Fundi, mimi neno amani nimelisikia tangu nursery. Kila mtu anayetaka tunyamaze analitumia. Ukiandika amani kwenye ukuta huu, hao waliokufa watakuwa wameuawa na nani? Na ukosefu wa amani?

MWALIMU: Usimwonee Solo 7. Yeye aliandika Kibera ikiwaka, rangi mbichi, roho mkononi. Kuandika amani moto ukiwaka ni kitu kimoja, na kuandika amani baada ya mazishi ni kitu kingine. Watu zaidi ya 1,100 walikufa kati ya Desemba 2007 na Februari 2008. Baadaye ndipo Boniface Mwangi alipochukua picha alizopiga kama mwandishi wa habari akazitoa nje, barabarani. Picha Mtaani, mwaka 2009. Hizo hazikuwa na neno amani. Zilikuwa na watu.

Niliziona picha hizo. Sikukusudia, nilikuwa napita katikati ya jiji nikielekea stendi, na watu walikuwa wamesimama kimya namna ambayo watu wa Nairobi hawasimami. Nilisogea. Nikawaeleza wenzangu pale bandani jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu: kwamba katika picha niliyosimama mbele yake muda mrefu kuliko zote, nilichotazama ni bango la duka lililokuwa nyuma. Lilikuwa duka la dawa. Nilisoma jina lake, nikasoma nambari ya simu, nikaona mchoraji alikosea herufi. Mpaka leo siwezi kukuambia aliyelala mbele ya duka lile alivaa nini.

FUNDI: Bango lilikuwa zuri?

MIMI: Herufi zilikaa sawa.

Alifurahi, nadhani kwa niaba ya wenzake wote.

MWALIMU: Basi tusidanganyane kuhusu sura. Mtaniambia Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na Mwingereza. Sanamu yake imesimama Kimathi Street tangu tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe Kamiti. Bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine, nywele zimesokotwa. Nchi iliyochelewa kuondoa marufuku dhidi ya Mau Mau hadi 2003 ilimpa shaba miaka minne baadaye. Kaburi lake halijulikani, kwa hiyo ile shaba ndiyo kaburi. Mimi nilisimama pale nikalia, na silii ovyo. Baba yangu alikuwa kizuizini. Nilikuwa nimengoja kuona mtu wetu akiangalia mbele, na si ile picha yake ya mwisho, amelazwa, pingu mikononi, wazungu wamemzunguka. Sura iliyoinuka! Mnawanyima watoto hawa sura kwa sababu ya mwenye ploti?

CUCU: Huyo wa Kimathi Street mimi nilimpita.

Alisema bila kumwangalia Mwalimu, akifuta matone ya maji kwenye kibao chake kwa ncha ya leso.

MWALIMU: Ulimpita vipi, Cucu?

CUCU: Nilimpita kama ninavyompita mtu nisiyemjua. Nilikuwa naenda kununua kamba ya ng'ombe.

Kuna jambo nataka kulisema hapa kabla Cucu hajaendelea. Sisi waandishi hupenda kuandika kana kwamba sanaa ya vita inamgusa kila mtu, na asiyeguswa ana kasoro. Juu yetu kidogo pana barabara kuu inayoitwa Waiyaki Way. Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, alikamatwa mwaka 1892 katika Fort Smith, hapahapa Kabete, akasafirishwa kuelekea pwani na kufia Kibwezi, na wazee bado wanabishana alizikwaje. Maelfu hulitaja jina lake kila siku wakimwomba makanga awashushe. Sijawahi kuona mtu akilitaja kwa machozi. Lakini humohumo garini yumo anayelia kwa sababu ya tangazo la sabuni lenye mtoto anayefanana na wake. Machozi hayafuati itifaki.

CUCU: Sanamu ile ya Uhuru Park ndiyo ilinishika.

MWALIMU: Ya 2015? Tarehe 12 Septemba.

CUCU: Tarehe unajua wewe. Mimi nilienda na watu wa kanisa, basi lilijaa. Wazee walivaa makoti yao. Walipofunua kile kitambaa nikaona mwanamume wa msituni na mwanamke anampa chakula. Na hawaangaliani. Mwanamume anatazama huku, mama anatazama kule. Chakula kiko katikati.

MSICHANA: Cucu, ile ililipiwa na Waingereza.

CUCU: Najua.

MSICHANA: Walewale! Mwaka 2013 waziri wao akasimama bungeni kwao akasema wanajuta mateso yale ya wakati wa Mau Mau. Si samahani, wanajuta. Pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228, ukigawanya unapata pesa ya ng'ombe wawili watatu, na juu yake wakaongeza sanamu kama wanavyoongeza sukuma kwenye sahani. Mtu alihasiwa kwa koleo! Mimi nikipita pale naona risiti.

MWALIMU: Mgala muue na haki umpe. Aliyelipa ni Mwingereza, lakini wazo la nyuso zilizogeuka si la Mwingereza. Hilo lilitoka kwa watu waliobeba chakula. Mbeba chakula hakutakiwa kumjua mla chakula, ili akikamatwa akapigwa, asiwe na la kusema.

CUCU: Niacheni niseme mimi.

Tulimwacha.

CUCU: Nilikuwa na miaka kumi. Tulitolewa kwetu, nyumba zikachomwa tukiangalia, tukapelekwa gichagi. Tulichimba handaki kuzunguka kijiji chote, mama zetu na sisi watoto, na ndani yake wakapanda miti iliyochongwa ncha. Kwenda shamba ni kwa saa, na askari anakulinda. Baba yangu alikuwa ngati.

Nieleze kwa walio mbali: ngati ni wale walinzi wa nyumbani waliosimama na serikali ya mkoloni dhidi ya Mau Mau. Huku kwetu neno hilo halitupwi mezani hivihivi. Mwalimu, ambaye babake alikuwa kizuizini, aliangalia viatu vyake. Mvua ilisaidia.

CUCU: Ndiyo. Ngati, na mkuki wake. Na ndugu wa mama yangu alikuwa msituni. Mama aliweka viazi na maharagwe kwenye kiondo, juu akafunika kwa majani ya ng'ombe, akaenda akakiacha chini ya mti. Hakumwona anayekuja kukichukua. Ndugu yake wa tumbo moja, na hakumwona miaka miwili. Jioni, kutoka chungu hichohicho, alimpakulia baba. Na akimpakulia alikuwa akiangalia upande. Mimi nilidhani ni heshima ya mke kwa mumewe. Nilidhani hivyo mpaka siku ile Uhuru Park. Yule mwenye nywele sikumwangalia. Nilizunguka nikaenda nyuma ya yule mama, nikamwangalia kisogo. Kisogo ninakijua. Hicho ndicho nilikuwa nakiona nikiwa mtoto.

Mwalimu alianza kusema kwamba watu zaidi ya milioni moja waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vya namna hiyo, na kwamba gichagi lenyewe ni neno kijiji la Kiswahili lililovalishwa Kikuyu. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga viti baada ya matanga. Halafu akaacha takwimu, akafanya jambo ambalo sikulitarajia.

MWALIMU: Cucu, mimi kuna kanisa niliapa kutoliingia. Lile la Mtakatifu James, Murang'a. Lilijengwa wakati wa hali ya hatari kuwakumbuka Wakristo waliouawa na Mau Mau. Watu wa upande wenu, tuseme hivyo.

CUCU: Sema.

MWALIMU: Nilikuwa nimesoma kwamba ndani yake pana michoro ya ukutani ya Elimo Njau, yule Mchaga wa Marangu aliyekuja kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965. Aliichora kanisani mwaka 1959. Nikajiambia, haidhuru ni msanii mkubwa, siendi kutazama jinsi alivyowachora baba zetu kama mashetani. Nikakaa hivyo zaidi ya miaka thelathini, Mwalimu wa fasihi mzima. Kisha mpwa wangu akaoa kanisani mle. Nikaingia, nikaanza kuwatafuta Mau Mau wabaya ukutani. Hawakuwepo. Palikuwa na kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa, karamu ya mwisho, bustani, msalaba. Yesu mweusi, na vilima nilivyozoea kuchungia mbuzi. Nilikuwa nimekuja na ugomvi wangu mfukoni na hakuna aliyeupokea. Sikulia. Nilikasirika! Nilitaka mtu wa kumchukia, na Njau hakunipa.

MSICHANA: Kwa hiyo tumchore Yesu?

Tulicheka wote, hata Cucu, na nadhani tulihitaji kucheka. Papa peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja shati la mteja magotini, analitia vifungo kwa mkono maana cherehani yake ni ya stima.

PAPA: Mi naona munazungumza sana juu ya kuangalia mashujaa. Kwetu Lubumbashi, nyumba ya mfanyakazi wa migodi ilikuwa na tablo sebuleni. Wengine walikuwa na Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki. Baba alikuwa na ile inaitwa Colonie belge. Mfungwa amelazwa chini, matako wazi, askari mweusi anamchapa kiboko. Mbelgiji amesimama kando. Yeye hachapi, yeye anahesabu. Nilikula chakula chini ya tablo hiyo miaka yangu yote ya utoto. Munadhani nilikuwa ninamwangalia nani?

FUNDI: Mfungwa.

PAPA: Askari. Kwa sababu alifanana na mjomba. Mguu hivi, shingo hivi. Niliogopa kumwuliza baba. Siku moja mgeni akauliza mwenyewe: wewe mzee, wakati ule ulikuwa nani katika hii tablo? Baba akanyamaza, halafu akasema, mimi nilikuwa yule anayengojea zamu yake ya kuchapwa, hakuingia katika picha. Ndiyo kazi ya tablo kwetu. Haikuwa ya kupamba. Ilikuwa ya kumfanya mgeni aulize.

MWALIMU: Ndiyo shule ya Tshibumba Kanda-Matulu hiyo! Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichora historia yote ya Zaire, picha zaidi ya 100, Lumumba akiwemo, na kila moja akamweleza mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, kwa Kiswahili. Si Kifaransa. Picha na maelezo yakaja kuwa kitabu mwaka 1996. Mchoraji mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

PAPA: Kwetu watu hupotea hivyo. Mwaka 1992 walipoanza kutufukuza sisi wa damu ya Kasai kutoka Katanga, baba alibeba godoro na ile tablo. Mama akamwambia, godoro tutalalia, hii picha ya kiboko utailalia? Akaiacha stesheni ya treni, imeegemezwa ukutani, inaangalia watu. Mpaka leo nikiona askari mahali popote, Nairobi hapa, naona kwanza ile shingo.

Nilidhani mjadala umekwisha hapo. Cucu alikuwa ametueleza kisogo, Papa shingo, na katika kichwa changu cha uandishi makala ilikuwa imejimaliza: sanaa nzuri ya vita ni ile isiyokulazimisha kutazama uso, inakuachia pembe yako. Nilikuwa hata nimeipenda sentensi hiyo. Msichana ndiye aliyeiharibu.

MSICHANA: Naomba niseme, na Cucu usinichukulie vibaya.

CUCU: Sema, mami.

MSICHANA: Mamako hakumwona ndugu yake, lakini alimjua. Alijua jina, alijua anapenda viazi gani. Mimi tarehe 25 nilikuwa mjini. Moshi ulipotushika kuna kijana alinipa kitambaa chenye maji, akaniambia pumua pole pole. Sekunde ngapi? Kama hizo za matuta. Sikuuliza jina. Siku mbili baadaye nikaiona sura yake kwenye simu, kati ya wengine, na tarehe. Jina nimelijua baadaye, nikilisikia halinifanyi kitu. Ninayo sura tu. Sasa mnaniambia nimgeuze. Nikimgeuza, nitakuwa nimebaki na nini?

FUNDI: Mwenye ploti anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

MSICHANA: Kugeuka hakumlindi! Kibet Bull, yule mchora katuni, alikuwa akichora nini? Vivuli. Rais kama kivuli cheusi, bila jicho, bila pua, bila mdomo. Mkesha wa Krismasi 2024 akapotea, akarudi Januari. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji nyara kuanzia Juni hadi Desemba mwaka huo. Kizazi cha Cucu kilificha sura ili mtu aishi. Sisi tulitoka bila kujifunika, tukajirekodi wenyewe, kila mtu na jina lake, kwa sababu tulijua tukifichwa hakuna atakayejua tumepelekwa wapi. Sura ndiyo kinga yetu. Haikutosha, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo.

Hakuna aliyejibu haraka. Mwalimu alikuwa na jibu, nililiona likipanda kooni, na baadaye alinipa tulipokuwa tunatembea: kwamba mwaka 1977, akiwa mwalimu mpya, alikwenda Limuru kutazama mchezo wa Ngaahika Ndeenda pale Kamirithu, ambapo palikuwa gichagi zamani, na kwamba wanakijiji walikuwa wamewakosoa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii maneno ya mchezo wakati wa mazoezi, mpaka mchezo ukawa wao. Mama aliyeketi karibu naye, mfanyakazi wa kiwandani, alibishana na mwigizaji kwa sauti kuhusu kiasi cha mshahara, na mwigizaji akamjibu. Novemba leseni ikafutwa, mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa, na mwaka 1982 ukumbi ule wa wananchi ukabomolewa. Mwalimu alitaka kusema kwamba anayestahili kuamua ukuta ni yule ambaye ukuta unamhusu. Lakini pale bandani hakusema. Alinyamaza, na kwa Mwalimu kunyamaza ni tukio.

Mimi nilikuwa nafikiria duka la dawa. Kwa muda wa saa nzima nilikuwa nimejificha nyuma ya Cucu. Nilisikia habari ya kisogo cha mama yake nikaona nimepata mwenzangu: na yeye hakutazama, na mimi sikutazama. Lakini Cucu alitazama kisogo kwa sababu alikijua kuliko uso wowote. Mimi nilisoma nambari ya simu ya duka kwa sababu sikutaka kujua. Ni mambo mawili yanayofanana kwa mbali tu, kama maziwa na chokaa.

Mvua ilipopungua tukatoka. Fundi alitaka kuona plasta imenywa maji kiasi gani. Alichukua kipande cha mkaa kutoka jikoni kwa muuza mahindi, akasema hata kama hatujakubaliana, yeye anahitaji vipimo, maana mtu mzima wa ukutani asipopimwa kwa mtu mzima wa kweli hutoka kama kinyago. Akamweka Cucu upande wa kushoto, ameshika kiondo chake mwenyewe, na msichana upande wa kulia.

FUNDI: Nyoosheni mikono. Cucu unampa, wewe unapokea. Sasa geuzeni nyuso. Cucu angalia Kangemi. Wewe angalia Kawangware.

Cucu aligeuza mara moja. Alikuwa na mazoezi ya miaka sabini. Matatu ikapita matuta, abiria wakatutazama, makanga akatupigia mluzi.

FUNDI: Usigeuke.

MSICHANA: Sijageuka.

FUNDI: Umegeuka. Unamwangalia.

MSICHANA: Siwezi kupokea kitu kwa mtu bila kumwangalia, Fundi. Nimejaribu.

FUNDI: Ndiyo sanaa yenyewe hiyo!

CUCU: Mwache.

Hakugeuza kichwa kusema hivyo. Alisema akiangalia Kangemi, mkono umenyooka, kiondo kinaning'inia.

CUCU: Mchore hivyohivyo, anaangalia. Mimi unichore nikiangalia huku.

MWALIMU: Na mwenye ploti? Alisema sura ya mtu hapana.

PAPA: Mgeni atauliza. Si ndiyo kazi yake?

MWALIMU: Mwenye ploti hatauliza, ataleta rangi nyeupe.

CUCU: Mwambieni ni tangazo la maziwa.

Fundi aliweka mkaa ukutani, akavuta mstari wa kwanza, bega. Haukushika, plasta ilikuwa bado mbichi. Akauliza kama kuna mtu aliye na chaki. Mwalimu akapapasa mfuko wa koti, akatoa vipande viwili, akasema ni vya 2014.